Siku Mwinshehe Alipotoa Shikamoo

Kwa miaka kumi na moja Mwinshehe Kibwana alikuwa akimwambia Ndaki kwamba atakufa, na kwa miaka kumi na moja Ndaki alikuwa akicheka. Usishangae, ndio utani ulivyo. Mwinshehe ni Msagara wa Kilosa, wa ukoo uliokuwepo kabla ya reli. Ndaki ni Msukuma aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka kule Shinyanga mpaka Kisanga, jirani na Mikumi. Tangu enzi ambazo mababu wa Ndaki walipita Kilosa na mizigo kichwani wakielekea pwani, watu wa makabila haya mawili wana ruhusa ya kutukanana, kunyang'anyana na kuzuliana mambo, na mtu hanuni. Anayenuna ndiye mshamba.

Biashara zao zilitazamana pale Mikumi mjini, barabara kuu ya kwenda Iringa ikiwa katikati. Upande mmoja ilikuwa maabara ya Mwinshehe. Alikuwa mtu wa maabara wa serikali Kilosa mpaka mwaka tisini na mbili, wafanyakazi walipopunguzwa, naye akapunguzwa. Watu wengine wakilia, yeye alinunua darubini ya mtumba akafungua chumba chake mwenyewe, maana wakati ule kila mtu alikuwa anafungua kitu. Malaria, minyoo, sukari, choo kikubwa na kidogo, vyote alivipima. Upande wa pili ilikuwa bucha ya Ndaki, na mbele ya bucha jiko la nyama choma ambalo hakuna dereva wa lori aliyeweza kulipita bila kukanyaga breki.

Kila asubuhi Mwinshehe alifungua dirisha lake na kupaza sauti.

"Wewe Msukuma, hujafa tu?"

"Nikifa nani atakulisha, mfuga kuku watatu?" Ndaki alijibu akiwa na shoka lake la mifupa mkononi.

"Ng'ombe mia mbili, na viatu bado ni tairi la gari."

Hapo ndipo siku ilipoanza. Ndaki alimzidi Mwinshehe miaka tisa, na mtu mwingine yeyote wa umri wa Mwinshehe alimpa mzee yule shikamoo yake kamili, tena kwa kuinama kidogo. Mwinshehe hakuwahi. Siku ya kwanza kabisa walipokutana, Ndaki alinyoosha mkono kungoja shikamoo, Mwinshehe akamwambia yeye hamwamkii mtu anayenuka zizi. Wakacheka mpaka wakashikana mabega, na tangu siku hiyo neno shikamoo halikupita kati yao. Hiyo ilikuwa sheria yao.

Utani huo una kazi zake pia. Mwaka elfu mbili na moja kaka yake Ndaki, Shimba, alianguka zizini asubuhi akiwa anakamua. Alishika kifua, akaketi, akawa amekwisha, hajafika hata miaka sitini. Msibani Mwinshehe alifanya kama mtani anavyotakiwa kufanya. Aliigiza mwendo wa marehemu mpaka wajane wakacheka huku wanalia, kisha akajitupa kaburini kabla ya jeneza, akalala chali na kugoma kutoka mpaka apewe mbuzi. Watu walisema hawajaona mtani hodari kama yule. Lakini yeye alipokuwa amelala mle ndani, udongo wa baridi mgongoni, alitazama juu akamwona Ndaki amesimama ukingoni, mnene, anahema, sura ileile ya Shimba. Akaogopa vibaya sana. Tangu siku ile alijua kuna kaburi moja ambalo hataki kulala ndani yake kwa mzaha.

Basi, mwaka elfu mbili na tatu, mavuno ya mahindi yakiwa yameisha, Ndaki alivuka barabara akaingia maabara na kupanda juu ya mizani bila kuulizwa. Kilo mia moja na nne.

"Magoti yanauma," alisema. "Nikifuata ng'ombe nafika wao wamesharudi. Nimeamua kuacha wanga."

"Kuacha nini?"

"Wanga. Ugali, wali, viazi, mihogo, chapati, soda, vyote. Timotheo amenifundisha."

Timotheo alikuwa dereva wa lori la kwenda Tunduma. Zamani tumbo lake lilishika usukani kabla ya mikono. Siku hizi alikuwa na kiuno chembamba kama kijana, na kila aliposimama kula alifunua karatasi zilizotolewa fotokopi huko Afrika Kusini, zikieleza kwamba adui wa binadamu ni wanga na rafiki yake ni nyama na mafuta. Maneno hayo mwambie mtu mwingine. Ukimwambia Msukuma mwenye bucha kwamba nyama ndiyo dawa, umempa dini.

Mwinshehe alikuwa na mashine ya kupima kolesteroli, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, aliyoinunua kwa daktari mmoja wa Morogoro aliyekuwa anafunga kazi. Alikuwa hajapata mtu wa kumpima nayo. Alimwambia Ndaki arudi kesho asubuhi bila kula wala kunywa kitu, akamtoa damu.

"Kolesteroli yote kwa jumla, tano nukta moja. Yale mabaya yanayoganda kwenye mishipa, tatu nukta mbili. Yale mazuri yanayofagia ni machache. Yale yanayoletwa na ugali wako wa mlima mzima yamejaa. Na sukari iko juu kidogo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo utakufa, Msukuma."

Ndaki alicheka akavuka barabara.

Aliacha kweli. Nyumbani kwake Kisanga mkewe, Scolastica, alisonga ugali wa kwanza usioliwa na mwenye nyumba tangu waoane, akauangalia pale mezani kama mgeni aliyekataliwa. Kwa Wasukuma nyama ni ya kusindikizia, chakula chenyewe ni ugali. Mume akila nyama tupu, majirani watasema mke hajui kusonga au ameishiwa unga. Scolastica alilalamika wiki nzima, kisha akanyamaza akaanza kumtengea kando. Asubuhi, supu ya kongoro. Mchana, mbavu. Jioni, mayai sita ya kukaanga kwa samli. Na kwa kuwa karatasi za Timotheo zilisifu mafuta, Ndaki aliongeza lake mwenyewe: kila alfajiri alikunywa kikombe kimoja cha samli ya moto, ya ng'ombe wake mwenyewe.

Miezi mitatu ikapita. Alirudi kwenye mizani akiwa amebadilisha mkanda. Kilo tisini na mbili.

Mwinshehe alipima na kuandika, na moyoni alifurahi ingawa hakuonyesha. Sukari ilikuwa imetulia. Mafuta yale ya wanga yalikuwa yameshuka nusu nzima. Yale yanayofagia yalikuwa yamepanda. Kitu kimoja tu hakikumpendeza: yale mabaya nayo yalikuwa yamepanda, nne kamili.

"Hii moja imepanda," alisema. "Mwili unapopungua, mafuta yake yenyewe yanahangaika hangaika kwenye damu. Inaweza ikatulia. Tutapima tena. Na hiyo samli punguza, la sivyo utakufa."

"Unaona wivu," Ndaki alisema, akishika kiuno chake kipya kwa mikono miwili.

Na kweli alikuwa amependeza. Aliwafuata ng'ombe wake mpaka bonde la pili akarudi anapiga mluzi. Watu walianza kuja bucha kuomba ushauri, mpaka mwalimu mkuu, mpaka mama mmoja wa Kilangali aliyeteremka kwenye basi kwa ajili hiyo tu. Ndaki aliwasimulia akiwa amesimama na shoka lake, na wateja walinunua mbavu wakaenda nazo kama wamebeba vidonge. Walimwita Profesa. Alijidai hapendi jina hilo, lakini asiyeitwa hivyo alihudumiwa mwisho.

Miezi tisa ilipotimia, mvua za masika zikiwa zimeanza, Mwinshehe alimtoa damu tena. Ndaki alikuwa na kilo themanini na sita. Aliketi kitini anatikisa mguu, anataka kurudi kazini.

Mashine ilitoa namba. Mwinshehe aliitazama, akaizima, akaiwasha, akapima upya. Kisha akasema mashine ina usumbufu, atamletea majibu kesho. Mchana ule aliweka chupa nyingine ya damu ileile kwenye chupa ya chai yenye barafu, akampa kondakta wa basi la Morogoro apeleke kwenye maabara kubwa. Jibu lilirudi siku ya pili yake, na lilikuwa lilelile. Jumla, nane nukta tatu. Yale mabaya, sita nukta nne. Yalikuwa yameongezeka mara mbili tangu siku ya kwanza.

Alivuka barabara na karatasi mbili mkononi. Madereva watano walikuwa wanakula.

"Ndaki, acha shoka, njoo pembeni."

"Sema hapahapa, mimi sina siri na Wasagara."

"Mafuta mabaya yamepanda mno. Nimepima mara mbili, na Morogoro wamepima. Ukiendelea na hii samli na haya mafuta ya nyama, utakufa."

Ndaki aliwageukia madereva. "Mnamsikia? Miaka kumi na moja nakufa. Mwaka huu ameleta mpaka karatasi."

Madereva wakaangua kicheko. Ndaki alichukua karatasi zote mbili, akazitundika kwenye ndoano ya nyama juu ya kaunta, na kila aliyeingia alisomewa kama gazeti: namba nane ya mtani wangu.

Mwinshehe alirudi kwake akaketi mbele ya darubini bila kutia jicho. Alikasirika, tena alimkasirikia nani kama si nafsi yake? Neno la kweli alikuwa nalo, lakini alikuwa amelitumia kila asubuhi kwa miaka kumi na moja mpaka likachakaa. Sasa analihitaji, halina kazi.

Hakukata tamaa hivihivi. Alimwendea Scolastica Kisanga, akamkuta anapepeta mchele.

"Shemeji, mumeo ni mgonjwa."

"Mgonjwa gani anayekimbia na ndama?" Scolastica alimtazama kwa jicho la pembeni. "Mwaka juzi ulikuja hapa ukasema ameoa mke wa pili Mamboya. Nikafunga mizigo."

Mwinshehe alikumbuka. Alikuwa amesema, na siku ile alicheka mpaka akakaa chini. Sasa hakuona kinachochekesha.

Alimwomba mganga mkuu wa zahanati ya pale Mikumi aandike barua yenye muhuri. Ndaki aliisoma, akausifu muhuri, akauliza mtani wake amechonga kwa mti gani. Mwinshehe akamvizia Timotheo akamtoa damu, akitumaini naye atakuwa juu wapate kuogopa wawili. Timotheo alikuwa mzima kabisa, mafuta mabaya tatu nukta moja, na miaka miwili amekula vilevile. Miili haifanani, na hilo ndilo linalowaponza watu. Timotheo aliondoka na karatasi yake safi, akamwonyesha Ndaki, na Ndaki akapandisha samli kuwa vikombe viwili.

Ndipo likaja lile la paja la ng'ombe. Ilikuwa asubuhi, saa tatu hivi. Mwinshehe yuko dirishani, amemaliza tusi la kwanza na anangoja jibu. Ndaki alikuwa amebeba paja la ng'ombe begani kutoka kwenye gari kuingia bucha, kazi aliyoifanya kila siku. Hakujibu. Alilishusha paja kwenye gogo, akaegemea, akaketi. Alipangusa uso. Mkono wake mmoja ulikwenda kifuani, ukakaa pale kidogo, ukashuka. Kisha akasimama, akamwona Mwinshehe anatazama, akainua shoka kama kawaida.

"Mfuga kuku," aliita, lakini sauti ilikuwa fupi.

Mwinshehe alifunga dirisha. Alimwona Shimba zizini ingawa siku ile hakuwepo.

Nyumbani alimsimulia mkewe, Sikuzani, na hakuficha kwamba analia. Sikuzani alimwacha amalize.

"Ulimwambia nini safari hii?"

"Nimwambie nini? Nimesema yote. Kufa, kuzikwa, kaburi, mbuzi wa msiba."

"Hayo yote ni ya utani. Huna kitu hata kimoja ambacho hujawahi kumwambia?"

Mwinshehe alifikiri. Aliyapitia matusi yote, uzushi wote, viapo vyote, na kila alichokishika alikuta ameshakichezea. Alikuwa ameshavaa viatu, yuko mlangoni anatoka, ndipo kikamjia kimoja ambacho hajawahi, na kilimtia woga kuliko kaburi lenyewe.

Kesho yake hakufungua dirisha. Alioga, akavaa kanzu yake ya Idi na kofia, akavuka barabara taratibu, lori likampigia honi. Bucha ilikuwa imejaa. Ndaki alikuwa anakata mbavu na kumhadithia mtu habari za Profesa. Alipomwona akaanza kucheka kabla.

"Leo umekuja kuoa? Nyumbani kwangu hakuna binti wa kuolewa na maskini."

Mwinshehe alisimama mbele ya kaunta, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka Ndaki," alisema.

Watu wawili watatu walicheka, wakidhani kuna tusi linafuata. Halikufuata. Mwinshehe alibaki ameinama, ameshika kofia kwa mikono miwili.

Shoka la Ndaki lilikuwa hewani. Lilishuka polepole likalala kwenye gogo bila kukata kitu. Alimtazama yule mtu aliyeinama mbele yake, akatazama karatasi zilizotundikwa kwenye ndoano, zimeshaloa damu ya nyama pembeni, akazitungua. Alizisoma, mdomo unacheza.

"Irudishe," alisema kwa sauti ya chini.

"Sirudishi, kaka. Naomba uitikie."

"Mwinshehe, irudishe hiyo shikamoo yako. Nitukane."

"Siwezi kumtukana mtu mgonjwa. Shikamoo."

Nje basi la Mbeya lilisimama, likashusha, likaondoka.

"Marahaba," Ndaki alisema hatimaye, na alipolisema akaketi palepale kwenye gogo la nyama, mzee wa ng'ombe mia mbili, mikono juu ya magoti. "Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli."

"Tangu lini?"

"Tangu karatasi."

Siku ya pili walipanda gari kwenda Kilosa, Scolastica katikati yao na kikapu mapajani. Aliposikia habari ya shikamoo hakuuliza swali lolote. Alifunga duka lake dogo la unga akavaa kitenge kipya, na kila gari liliporuka shimo alishika mkono wa mumewe.

Daktari waliyemwendea aliitwa Costancia, mwanamke mfupi mwenye miwani na haraka. Aliwasha mashine yake ya moyo, akambandika Ndaki vinyonyo vya baridi kifuani, akatazama mistari. Akasema moyo wenyewe bado haujaumia. Kisha akapanga karatasi tatu za Mwinshehe mezani kwa mfuatano, ya mavuno, ya vuli na ya masika.

"Nani alikuwa anapima?"

"Huyu," Ndaki alisema, bila tusi.

"Amefanya kazi nzuri. Mtu angepima mara moja tu angesema umepona. Tazama hapa: kilo zimeshuka, sukari imetulia, mafuta ya wanga yamekwisha, mazuri yamepanda. Kuacha wanga kumekusaidia, sikukatalii. Lakini hii namba ya mafuta mabaya inapanda kila safari, na haikutulia kilo zilipotulia. Kuna watu mwili wao unafanya hivyo, na wewe una ndugu aliyekufa kwa kifua. Unakula mafuta gani?"

Ndaki alikohoa. Scolastica ndiye aliyejibu, na hakuacha hata kijiko. Alipofika kwenye vikombe viwili vya samli, daktari alivua miwani.

Ndaki alizitazama zile karatasi muda mrefu. "Kumbe ni kama ng'ombe," alisema. "Ukimwona masika tu, kanona. Lazima umtazame na kiangazi."

"Hasa," Daktari Costancia alisema, na akaanza kuandika. Samli basi. Mafuta ya nyama yatupwe, supu ya kongoro iwe hadithi. Nyama kidogo isiyo na mafuta, samaki, maharage, karanga, parachichi, mboga za majani kwa wingi. Wanga si lazima urudi wote, lakini ugali wa kiasi cha ngumi hautaua mtu. Aendelee kutembea na ng'ombe. Baada ya miezi mitatu apime, na kama haikushuka ataanza vidonge, bila ubishi.

"Ngumi ya nani?" Scolastica aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu tangu Mikumi.

Miezi mitatu ile ilikuwa mirefu kuliko miaka kumi na moja. Ndaki alifuata kila neno. Alifuta habari za Profesa bucha, na waliokuja kuuliza aliwaambia wakapime kwanza, na wakishapima wapime tena. Scolastica alisonga ugali wa ngumi moja kila jioni akauweka mbele yake kwenye sahani ya harusi. Lakini kilichomtesa Ndaki si samaki wala maharage. Kila asubuhi Mwinshehe alifungua dirisha na kusema kwa adabu, "Shikamoo, kaka," naye alilazimika kujibu marahaba, na barabara ilikuwa kimya katikati yao. Madereva walidhani wamegombana. Mwinshehe mwenyewe alikonda. Matusi yalimjaa mdomoni tangu alfajiri, akayameza yote na chai, maana alijiapiza kwamba hatalitia doa neno lile mpaka namba imruhusu.

Siku ilipofika alimtoa Ndaki damu, na Ndaki alikataa kungoja maabara. Alivuka akarudi kwenye gogo lake, akashika shoka, lakini hakukata kitu. Scolastica alikuwa amekuja toka Kisanga, amesimama mlangoni. Wateja walijua. Hakuna aliyeagiza.

Mwinshehe alisoma namba, akapima mara ya pili. Kisha akatoka na karatasi, akavuka barabara. Njiani shetani alimjaribu: atoe shikamoo ya mwisho, ya mzaha, amwone Msukuma anavyoruka. Ingekuwa utani wa mwaka. Alifika mbele ya kaunta, akaona macho ya Ndaki yanatazama mdomo wake, si karatasi, na akajua neno lile hatalichezea kamwe, hata wakifikisha miaka tisini.

"Wewe Msukuma," alisema, kisha akapaza sauti kama ya dirishani. "Wewe Msukuma, unanuka zizi, shingo imebaki kama mpini wa jembe, na hizo tairi ulizovaa gari lake linazitafuta."

Ndaki aliliachia shoka likaanguka sakafuni. Hakuuliza namba. Ilikuwa tano nukta tatu kwa jumla, tatu nukta tatu yale mabaya, na mazuri yamebaki juu, lakini hayo aliyasoma wiki iliyofuata. Alizunguka kaunta na aproni yake ya damu, akamshika Mwinshehe mabega, machozi yanamtoka bila aibu mbele ya wateja.

"Rudia," alimwambia. "Nitukane tena, polepole, nisikie yote."